Gemu Zote Zinakuchosha? Angalia Kwanza Unaachia Wapi

Kuna usiku mmoja nilikaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi nikipitisha kidole gumba kwenye picha za gemu zangu. Kulia, kulia, chini, kulia. Nikachagua moja, ikadai sasisho kwanza. Nikachagua nyingine, hiyo ikafunguka, nikamkuta mhusika wangu amesimama juu ya daraja nisilokumbuka nililifikiaje, na kwenye begi lake funguo tatu ambazo sijui ni za mlango gani. Nikazungusha kamera mara mbili, kama mtu aliyeshuka kituo sicho. Nikatoka. Nilipotazama saa, dakika 40 zilikuwa zimekwenda na sijacheza chochote.

Nikajiambia basi, umri umefika, gemu zimenitoka moyoni. Kisha nikafanya wanachofanya wengi wenye shida hii: nikanunua gemu nyingine. Wiki mbili baadaye nayo ilikuwa kwenye safu ileile, picha nzuri isiyoguswa.

Ukimwambia fundi gari linazima, hakimbilii kushusha injini. Anakuuliza linazima lini. Likiwa la baridi? Likishapata moto? Ukikanyaga breki? Jibu ndilo linalompeleka kwenye waya au kwenye pampu. Uchovu wa gemu nao unataka kuulizwa hivyohivyo. Anayeachia kwenye menyu na anayeachia baada ya kucheza saa 15 wote watakuambia "gemu zinanichosha", lakini ugonjwa wao si mmoja, na dawa ya huyu inaweza kumzidishia yule.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, andika gemu tano za mwisho ulizoziacha. Kando ya kila moja andika mahali ulipoachia: hukuifungua kabisa, saa ya kwanza au ya pili, katikati, au bado unaicheza huku unanung'unika. Sababu usiandike. Sababu tunazojipa mara nyingi ni visingizio. Mahali ulipoachia hapajui kudanganya.

Dalili: hufiki hata kwenye gemu yenyewe

Hapa gemu haina kosa, maana hujaigusa. Chanzo cha kwanza ni wingi. Huduma za kulipia kwa mwezi, kama Game Pass ya Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2017, zinakupa mamia ya gemu kwa mkupuo. Ni neema, lakini ambacho hukukilipia peke yake ni rahisi sana kukitupa. Bonde dogo tu la kuchosha na tayari umerudi kwenye safu ya picha.

Dawa ni ya kikatili kidogo: ondoa kwenye mashine kila kitu isipokuwa gemu tatu. Moja ndefu, moja fupi, na moja ya kucheza dakika 20 ukiwa hoi. Hujazitupa, zipo kwenye akaunti yako, lakini sasa kuzirudisha kunataka upakuaji wa saa nzima, na hiyo saa nzima itakulinda.

Chanzo cha pili ni yule mtu wa darajani. Ukiiacha gemu kwa miezi mitatu, vidole vinasahau vitufe na kichwa kinasahau hadithi. Ukirudi unauawa na adui wa kwanza, unajiona mjinga, unatoka. Usijaribu kuendelea ulipoishia huku umesahau kila kitu. Kama ulikuwa umecheza chini ya saa kumi, anza upya, utashangaa unavyokwenda mbio. Kama ulikuwa umefika mbali, rudi kwanza eneo la mwanzo, pigana na vijitu dhaifu kwa nusu saa mpaka mikono ikumbuke. Na kuanzia leo, kabla ya kuzima, jiandikie mstari mmoja kwenye simu: "Naenda kwa mhunzi, nimempatia chuma, baada ya hapo mnara wa kaskazini." Mstari huo mmoja umeniokolea gemu nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Sasisho nalo lisikukere. Washa masasisho ya kujiendesha mashine ikiwa imelala, yafanyike ukiwa kazini.

Dalili: unaachia ndani ya saa mbili za kwanza

Hili ndilo kundi kubwa, na ndilo lenye vyanzo vingi vilivyochanganyika. Anza na vile ambavyo havihusiani na ladha yako hata kidogo.

Angalia skrini. Televisheni nyingi huisafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo unachukua muda. Unabonyeza kuruka sasa, mhusika anaruka baada ya kitambo. Kitambo chenyewe ni kidogo, jicho haliwezi kukitaja, lakini mkono unakisikia: kila kitu kinakuwa kizito, kama unatembea kwenye maji. Watu huiita gemu mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, tafuta hali ya gemu, iwashe. Ndani ya gemu pia, kama kuna uchaguzi kati ya picha nzuri zaidi na mwendo laini zaidi, jaribu mwendo laini. Fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) 60 kwa sekunde badala ya 30 zinaweza kukubadilishia kabisa maoni.

Kingine: kuna watu wanaodhani wamechoka kumbe wanasikia kichefuchefu. Gemu za kutazama kwa macho ya mhusika ndizo zenye mchezo huu. Kichwa kinagonga kidogo, tumbo halijatulia, unasema "haina mvuto" na unazima. Panua uwanja wa kuona kwenye mipangilio, zima ukungu wa mwendo, zima mtikisiko wa kamera. Kama baada ya hapo unacheza saa nzima bila kusinzia, umepata jibu.

Ukishayamaliza hayo, tuje kwenye ladha.

Wengi tunachagua gemu kwa sura, kwa alama za wahakiki, au kwa jina la aina: za mapigano, za mbio, za kilimo. Aina ni lebo ya duka. Haikuambii mikono yako itafanya nini kwa saa 20. Ninachokuomba utafute ni vitenzi. Chukua gemu uliyoipenda kuliko zote maishani, kisha isimulie bila kutaja jina, hadithi, picha wala aina yake. Sema tu ulikuwa unafanya nini. "Nilikuwa napanga, nasubiri, narekebisha." "Nilikuwa nakwepa, nakosea, narudia." "Nilikuwa nazurura."

Nilipofanya zoezi hili mwenyewe nilidhani nitaandika kupigana, kwa sababu maktaba yangu imejaa panga. Gemu niliyoichagua ilikuwa *Return of the Obra Dinn* ya Lucas Pope, ya mwaka 2018. Wewe ni mkaguzi wa bima, meli imerudi bila mtu, na kazi yako ni kujua watu 60 waliokuwemo walikuwa nani na kila mmoja alipatwa na nini. Una saa ya mfukoni inayokupeleka kwenye sekunde ya kifo cha maiti unayoiona. Sekunde imeganda, wewe unazunguka ndani yake. Hakuna upanga wa kushika. Kuna mahali mabaharia wamelala kwenye machela, na nilizunguka pale kwa dakika kumi nikitafuta uso, mpaka nikaona kwamba kila machela ina namba. Nikafungua orodha ya mabaharia. Nayo ina namba. (Samahani kama nimekumalizia uhondo, lakini ipo mingine tele.) Nilisimama kitini. Na gemu haikunipongeza papo hapo, kwa sababu huthibitisha majibu matatu matatu, ili usibahatishe mmoja mmoja.

Vitenzi vyangu vilikuwa: kuchunguza, kukisia, kuthibitisha. Hakuna kupigana. Baada ya hapo kutafuta kukawa rahisi, maana sikutafuta "nyingine ya meli" wala "nyingine ya picha nyeusi na nyeupe". Nilitafuta vitenzi, nikaangukia *Outer Wilds* ya mwaka 2019: mfumo mdogo wa sayari unaojirudia kila baada ya dakika 22, na unapoanza tena hubaki na silaha wala nguvu mpya, unabaki na ulichokijua. Kwa sura hizi mbili hazifanani hata kwa dawa. Kwa mikono na kichwa, ni ndugu.

Hivyohivyo kwa mwingine. Anayesema anapenda *Stardew Valley*, ile aliyoitengeneza Eric Barone peke yake na kuitoa mwaka 2016, huenda hapendi shamba. Kama anachofurahia ni kupanga siku ili hakuna hatua inayopotea, basi *Factorio*, yenye mikanda na viwanda na moshi, itamfaa kuliko gemu nyingine ya kilimo. Kama anachofurahia ni kuzoeana na watu wa kijiji, *Factorio* itamuua kwa uchovu ndani ya nusu saa. Gemu ileile, wapenzi wawili, vitenzi tofauti.

Kuna waliojaribu kuwapanga wachezaji mapema. Richard Bartle, aliyemsaidia Roy Trubshaw kuijenga MUD, ile gemu ya maandishi ya watu wengi iliyoanza Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wake wako wa namna nne: wanaotafuta mafanikio, wavumbuzi, wanaotaka kujumuika, na wanaotaka kuwatawala wenzao. Ni mpangilio mzuri wa kuanzia mazungumzo. Binafsi naona vitenzi vinafaa zaidi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa mvumbuzi Jumamosi asubuhi na Jumatatu usiku anataka tu kitu cha kupasua.

Jinsi ya kujaribu bila kuumia: tafuta demo kwanza, yaani kipande cha gemu cha kujaribu bure. Trela usiiamini, tazama dakika 15 za mtu akicheza kimyakimya, ikiwezekana kutoka katikati ya gemu, uangalie vidole vyake vinafanya nini. Kama unanunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Hizo saa mbili zinahesabiwa gemu ikiwa wazi, kwa hiyo usiiache menyu inakuimbia huku umeenda kuoga.

Na sehemu ya mafunzo? Nyingine ni ndefu kupita kiasi, kweli. Kanuni yangu: nikishakabidhiwa uhuru wangu, naipa saa moja zaidi. Isiponipa kitenzi nikipendacho ndani ya hiyo saa, kwaheri, na sioni aibu.

Dalili: unaanza kwa moto, unapoa katikati

Umeipenda. Umewasimulia watu. Saa ya 12, ya 15, inaanza kukuwia kama kufua nguo.

Mara nyingi kilichotokea ni kwamba gemu imemaliza kukufundisha. Imekuonyesha kila ilichonacho na sasa inakurudishia kwa rangi nyingine: kambi ileile, adui yuleyule mwenye kofia nyekundu. Lakini kabla ya kuilaumu, jikague. Je, wewe ndiye uliyeamua kufuta kila alama kwenye ramani? Gemu za ulimwengu wazi zinamwaga kazi za pembeni kama mchele, nazo hazikuwekwa ili zote zifanywe na mtu mmoja. Nimewahi kukusanya manyoya 70 katika gemu moja, na siwezi kukuambia hadi leo manyoya yale yalikuwa ya ndege gani.

Fanya hivi: kwa siku tatu fuata hadithi kuu peke yake. Zima ramani ndogo ya pembeni kama gemu inaruhusu. *Breath of the Wild* ya mwaka 2017 ina hali inayoondoa karibu kila kitu kwenye skrini na kubakiza mioyo, na wengi wakiiwasha huanza kuitazama milima badala ya kuitazama kona. Ikiwa bado imekauka, imekauka. Ifute. Saa 15 za raha ni nyingi, na hakuna mtu anayekusubiri mwishoni na cheti.

Upande wa pili wa kupoa katikati ni ugumu. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza kwamba mtu huzama katika jambo pale ugumu wake unapolingana na uwezo alionao: likiwa rahisi mno anachoka, likiwa gumu mno anapata wasiwasi. Shida ni kwamba wachezaji wengi hawalitumii neno "wasiwasi". Ukimwuliza mtu aliyepigwa na bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, mara 30 atakuambia "imenichosha". Haijamchosha, imemshinda, na fahari inamzuia kugusa mipangilio.

Fahari hiyo achana nayo. *Celeste* ya mwaka 2018, gemu ngumu kwelikweli, ina sehemu ya usaidizi inayokuruhusu kupunguza kasi yote hadi nusu, hatua ya asilimia kumi kumi. *Hades* ya mwaka 2020 ina hali inayokupunguzia maumivu kwa asilimia 20, kisha inaongeza mbili kila unapokufa, mpaka 80. Waliotengeneza gemu hizo ndio walioweka visaidizi hivyo, hakuna unayemwibia. Na kama tatizo lako ni la kinyume, yaani unapita kila kitu ukipiga miayo, ongeza ugumu au ikatae silaha yako bora. Hilo la pili linafanya kazi vizuri kuliko linavyosikika.

Kuna pia suala la urefu tu. Kama maisha yako yanakupa saa nne kwa wiki, gemu ya saa 100 ni ndoa ya nusu mwaka. Ingia HowLongToBeat, ambako wachezaji huandika muda waliotumia, uone kabla ya kuanza. Zipo zinazoisha kwa jioni moja na zikabaki kichwani miaka: *Portal* ya 2007, *Journey* ya 2012. Zipo nyingine, kama gemu za karata *Slay the Spire* na *Balatro*, ambazo kila raundi ina mwanzo na mwisho wake, kwa hiyo hakuna daraja la kusahaulika juu yake. Onyo: nilisema zina mwisho, sikusema utaacha.

Dalili: huachi, lakini hufurahii

Hii ni kinyume cha zilizotangulia na ndiyo inayofichika zaidi, kwa kuwa ukihesabu saa unaonekana mchezaji mwenye bidii. Unaingia kila siku, unachukua zawadi ya siku, unafanya kazi tatu za siku, unasogeza mstari wa zawadi za msimu, unatoka. Kisha unalalamika hakuna gemu nzuri siku hizi. Ya nini, wakati jioni yote imeshaliwa?

Jiulize: zawadi ya leo ikiondolewa, ningeingia? Kama jibu linakuja taratibu, zima arifa zake na uruke siku tatu kwa makusudi. Siku ya kwanza utahisi unapoteza kitu. Siku ya tatu wengi husahau, na hapo unajua ulikuwa unacheza au unasaini mahudhurio.

Dalili: hakuna inayofikia ile ya zamani

Ijaribu jioni moja. Ile yenyewe, siyo toleo jipya lililopakwa rangi. Ikikushika, vizuri, umepata vitenzi vyako na uvitafute kwingine. Isipokushika, basi ulichokikumbuka hakikuwa gemu. Alikuwa yule mliyegombania naye pedi. Hilo halitibiki kwa kununua gemu ya peke yako. Tafuta mtu. *It Takes Two* ya mwaka 2021 haichezeki na mtu mmoja hata ukitaka, na mmoja akiinunua mwenzake anaweza kucheza naye mtandaoni bila kununua yake.

Dalili: hata vingine havina ladha

Kama muziki nao umepoa, marafiki nao unawakwepa, usingizi umeharibika, na imekuwa hivyo kwa wiki kadhaa, acha kupekua maktaba. Zungumza na daktari. Kama ni macho tu yaliyochoka baada ya kutwa nzima mbele ya kompyuta, pumzika mwezi, soma, tembea. Gemu hazina miguu.

Mimi kwenye orodha yangu ya tano nilikuwa na mbili za menyu, mbili za katikati, na moja ya mahudhurio. Ile ya mahudhurio nimeifuta. Za katikati nimeachana nazo kwa amani. Mtu wa darajani nilimwanzisha upya, na safari hii nimemwandikia mistari yake kwenye simu kila usiku. Funguo mbili kati ya zile tatu ni za mlango mmoja, kule chini ya kinu. Ya tatu sijaipatia mlango.